Kikohozi cha Dakika ya Sita

Skuli zilipofungwa tulikuwa na mchezo wa nyimbo uliofika nusu:
kadhi mmoja, washitakiwa wawili, kwaya ya popo kumi na mmoja,
na gunia la karafuu la kuibwa
tulilolijaza makumbi, lisituvunje mgongo.
Gunia likabaki ofisini. Kwaya ikarudi majumbani.

Mimi nikabaki na simu
na bando la wiki.

Nikawaandikia: kila mtu aimbe peke yake
kwa mdundo niliowatumia
(kopo la maziwa na vidole vyangu)
kisha aniletee sauti. Nitazishona mimi.

Zikaja.
Massoud, kunguru kadhi, aliimba ndani ya kabati,
unasikia henga za nguo zikigongana kila anapotoa hukumu.
Bihindi na nduguye, chini ya shuka moja,
walicheka kwenye neno "ushahidi",
wakarudia mara saba, wakacheka mara saba.
Shaame, aliyerudishwa kwao Kojani,
alipanda juu ya banda kutafuta mtandao,
akaniletea sekunde arubaini za upepo
na chini yake, mbali, mtu anakana wizi.

Baba mmoja akapiga simu.
"Mwalimu, hao popo.
Si ndio wanaosemwa redioni? Wageuze njiwa."
Nikamwambia popo wetu hawajasafiri,
wako Kidike, wanakula maembe, wanalala miguu juu,
na beti zao zote zina kina cha po.
Akanyamaza. Hoja ya kina aliielewa.

Ramadhani ikaingia, tukaacha kuimba.
Usiku, baina ya tarawehe na daku, nikawa nakata.
Nikatoa jogoo, nikatoa pikipiki,
nikatoa mama aliyeuliza nani kamaliza chumvi,
na kwenye sauti ya Tumu, dakika ya sita,
nikatoa kikohozi cha bibi yake
chumba cha pili.
Nilijisifu. Hakikubaki hata kovu.

Kumi la mwisho, Bi Nunuu akafariki.
Walimzika watu wachache, wamesimama mbalimbali
kama mistari ya daftari.
Tumu hakuandika kitu siku nne. Ya tano akaandika:
"Mwalimu, kwenye ile sauti yangu yumo. Usimtoe."

Nilikuwa nimeshamtoa.

Nikaifukua simu kama anayetafuta hereni
ndani ya pishi ya mchele.
Mafaili hayana majina, yana tarehe na namba tu.
Nikawasikiliza tena majogoo wote niliowatupa.
Nikamkuta karibu na alfajiri, daku limenipita:
kikohozi kimoja, kifupi, kisha "astaghfirullah" ya chini
ambayo mara ya kwanza sikuisikia kabisa.
Nikamrudisha. Popo wakasogea, wakampa nafasi.

Idd pili viwanja vilikuwa vitupu, hapana bembea, hapana aiskrimu.
Saa kumi na nusu, nyumba za maendeleo, Wete,
kila dirisha na simu yake imelazwa ndani ya bakuli,
sufuria, besheni, chochote kinachokuza sauti.
Moja, mbili, tatu, bonyeza.

Nani aliwahi kubonyeza sawa na mwenziwe?
Ghorofa ya kwanza walitangulia, ya tatu wakafuata,
jengo la pili likaanza kadhi akiwa ameshakaa.
Kesi moja mbele ya mahakama thelathini,
na gunia likaibiwa, likaibiwa, likaibiwa.
Mimi nilikuwa chini, na barakoa yangu,
naitazama aibu niliyoishona kwa mkono wangu.

Mpaka dakika ya sita.

Akakohoa kwa Tumu.
Akakohoa kwa Bihindi, mlango wa pili.
Kisha ghorofa ya juu, kisha jengo la pili,
nyumba kwa nyumba, kama alivyozoea siku ya Idd
kupita na kikapu chake: hodi, sikai, nawapitia tu.

Dirisha la mwisho simu yao ilikuwa nyuma ya wote.
Tukamngoja.